Kebo ya mashine ya kupolishi gari ikifia shingoni: mwongozo kamili wa kuitengeneza

Mashine ya kupolishi ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, wengi hukimbilia kusema mota imekwisha. Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kebo, na imefia palepale ambapo kebo za mashine za mkononi hufia: shingoni, inapoingia kwenye mpini. Mtu mwenye vifaa vyake na mkono uliotulia anaimaliza kazi hii mchana mmoja bila haraka, na gharama yake si kubwa. Shida ni kwamba iko njia moja ya kuifanya ikadumu, na ziko njia nyingi za kuifanya iharibike tena baada ya wiki chache, au impige shoti kijana anayeishika huku amevaa kandambili kwenye sakafu yenye maji.

Msimamo wangu nauweka mbele mapema: kebo ya mashine ya mkononi haiungwi katikati ikazungushiwa tepu. Hukatwa ikafupishwa, au hubadilishwa nzima. Na ukishafunga waya wa mwisho kazi bado, mpaka shingo nayo ibanwe sawasawa. Fundi anayerudisha umeme kwenye mashine halafu akaiacha shingo ikining'inia hajatengeneza kitu, amesogeza mbele tu siku ya kuharibika.

Kwa nini shingoni

Mashine nyingi za kupolishi zina wati kati ya 600 na 1,400. Kebo yake huwa na nyaya mbili, kila waya una ukubwa wa milimita za mraba 0.75 au 1. Waya wa milimita 1 si kipande kimoja cha shaba. Kwa kawaida ni nyuzi 32 zilizosokotwa pamoja, kila uzi una unene wa milimita 0.2. Wembamba huo ndio unaoifanya kebo iwe laini na ifuate mkono.

Sasa mfikirie mpolishi kwenye boneti. Anakwenda kushoto, anarudi kulia, anashuka mlangoni, anapanda kwenye paa. Kila anapogeuza mkono, kebo inakunjika mahali pamoja tu, pale mpira wa shingoni unapoishia. Nyuzi zinakatika mmoja mmoja bila yeye kujua. Zikibaki tano, umeme uliokuwa ukigawana njia 32 sasa unabanana kwenye hizo tano. Zinapata moto, plastiki inayozifunika inakakamaa na kugeuka kahawia, halafu siku moja nazo zinaachana. Kuanzia hapo ncha zinagusana na kuachana kadiri mkono unavyotembea, na kila zikiachana inatoka cheche ndani ya ganda. Ile harufu ya kuungua unayoisikia ukiwa umeinama kwenye gari ndiyo hiyo.

Dar es Salaam ina mchango wake pia. Kebo ya PVC, yaani ya plastiki, ikianikwa juani kila siku inakuwa ngumu na kupasuka. Polishi, mafuta na thina vikiganda juu yake vinaila taratibu. Na hewa ya bahari inapenya: ukichubua kebo ya mashine iliyofanya kazi miaka mingi Kigamboni au Msasani, usishangae kukuta shaba imeota ukijani ndani, wakati kwa nje ganda linaonekana zima.

Kabla hujafungua skrubu yoyote

Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu kuna soketi zilizofungwa waya kinyume, ukizima, nyutro (waya wa kurudisha umeme) inakatika na laivu (waya wa kuleta umeme) inabaki inakungoja. Plagi iwe nje, na iwe mahali unapoiona mwenyewe muda wote wa kazi. Kama mko wengi, iweke mezani mbele yako. Mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kupita akaichomeka ili "ajaribu kama inawaka".

Ikishachomolewa, bonyeza swichi ya mashine mara mbili tatu, kisha iache dakika chache. Ndani ya mashine nyingi kuna kapasita ndogo ya kuzuia makelele ya umeme, na inaweza kubaki na chaji kidogo.

Halafu hakikisha kosa si la soketi. Hapa wengi hujaribu na chaji ya simu, ikichaji wanasema soketi nzima. Soketi iliyolegea ndani inaweza kuchaji simu usiku kucha na bado ikashindwa kubeba mashine ya wati 1,000. Jaribu na pasi au jagi la umeme. Pasi nayo ikisitasita, tatizo liko ukutani, na hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Fungua plagi pia, tazama fyuzi na skrubu zake. Skrubu iliyolegea huacha alama nyeusi na plastiki iliyoyeyuka pembeni yake.

Mashine yenyewe ina namna ya kukuambia inaumwa nini. Kaboni, vile vipande vinavyosuguana na mota kuipelekea umeme, zikiisha, mashine hupungua nguvu siku kwa siku, cheche nyingi zinaonekana kupitia matundu ya hewa, na wakati mwingine inakataa kuwaka mpaka uigonge. Swichi mbovu inasumbua pale unapobonyeza na kuachia. Kebo inasumbua mkono unapogeuka: ukiishika mashine hivi inawaka, ukiinyanyua inazima. Kuna mafundi wanaoithibitisha kwa kuikunjakunja kebo huku umeme umo. Msifanye hivyo, jamani. Ganda likiwa limepasuka upande usiouona, kidole chako ndicho kitakachopima.

Tumia vidole wakati plagi iko nje. Shika kebo karibu na mpini, ibinye kati ya kidole gumba na cha shahada, uisogeze sentimita moja moja kuelekea kwenye plagi huku ukiikunja kidogo. Kebo nzima inakataa kidogo, inataka kurudi ilivyokuwa. Ukifika palipokatika inalala tu, laini, kama mrija usio na kitu ndani. Weka alama ya kalamu hapo. Mara nyingi alama hiyo itakuwa ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye mpini, na mahali pa pili ni karibu na plagi.

Nyaya mbili au tatu?

Tazama kibandiko chenye jina la mashine na wati zake. Ukiona kimraba ndani ya mraba mwingine, mashine hiyo imekingwa mara mbili: mwili wake umetengwa na umeme kwa tabaka mbili, na kebo yake ina nyaya mbili tu. Mashine nyingi za kupolishi ni za namna hii. Hazina ethi, yaani waya wa kinga unaopeleka umeme ardhini, na hazitakiwi kuongezewa. Ukinunua kebo ya nyaya tatu "kwa usalama zaidi" hutapata pa kuufunga ule wa tatu, na ukiuacha unaelea ndani ya mashine umeongeza hatari.

Kama mashine ina mwili wa chuma na kebo ya nyaya tatu, huo wa tatu ni ethi na lazima urudi ulipokuwa. Kuuacha kwa sababu mashine "inawaka hata bila huo" ni kuondoa kinga pekee ya mtu anayeshika chuma kwa mikono yenye maji. Hapa sina mjadala.

Rangi za siku hizi: kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Kebo za zamani zina nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Mashine za bei nafuu unaweza kuzifungua ukakuta rangi zisizofuata utaratibu wowote, na ndiyo sababu nitakusisitizia picha hapo mbele.

Kununua vitu Kariakoo

Kata sentimita chache za kebo ya zamani uende nazo dukani, na uupige picha ule mpira wa shingoni ukiwa umepimwa kwa rula. Kariakoo na Gerezani utapata kila kitu kwa kutembea mitaa michache, lakini bila sampuli utarudi na kebo isiyoingia kwenye tundu.

Ukubwa wa kebo unaujua kwa hesabu ya haraka. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo gawanya wati za mashine kwa 230. Makita 9237C, kwa mfano, ni ya wati 1,200, yaani inakula ampea 5.2 hivi. Kebo ya milimita 0.75 inabeba ampea 6, ya milimita 1 inabeba 10, na ya 1.5 inabeba 16. Mimi huchagua ya milimita 1. Ile ya 0.75 inatosha kwenye hesabu lakini inabaki na nafasi ndogo, na Dar mashine inafanya kazi kwenye joto. Kuhusu ya 1.5, wauzaji hupenda kuisifu kwamba ndiyo imara. Ni imara kweli, ila ni nene na ngumu, haikai vizuri kwenye mpira wa shingoni wala kwenye kibanio, na inamchosha mpolishi kifundo cha mkono.

Kinachostahili kulipiwa zaidi ni ganda. Kebo ya mpira inavumilia kukunjwa kuliko ya plastiki. Soma maandishi yaliyogandamizwa juu ya ganda: H05RR-F ni mpira wa kawaida, H07RN-F ni mpira mzito unaovumilia mafuta na kazi za nje. H05VV-F ni PVC. Ukikuta kebo haijaandikwa chochote, wala ukubwa wala aina, iache hapo hapo.

Mazungumzo ya dukani yawe ya namna hii:

"Kaka, habari za kazi. Naomba kebo ya mpira, nyaya mbili, milimita moja, mita tano. Iwe shaba tupu."

"Ipo ya mpira na ya plastiki, bosi. Ya plastiki bei iko chini."

"Nipe ya mpira. Naomba nichubue ncha kidogo niione."

Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai. Chubua ncha, shika uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Usiichukue kwa bei yoyote. Alumini haivumilii kukunjwa, inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ikibanwa na skrubu inalegea. Kinyume chake, uzi mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri hasa kwa mji wa pwani kwa sababu haishikwi na ukijani upesi.

Mita nne hadi tano zinatosha kulizunguka gari dogo bila kuburuza ekstensheni chini ya miguu. Nunua pia mpira mpya wa shingoni kama wa zamani umepasuka, plagi ya pini tatu za bapa yenye fyuzi ndani, na feruli chache, vile vikopo vidogo vya bati vinavyovikwa kwenye ncha za waya. Ukipata kebo na plagi zenye alama ya TBS, bora zaidi.

Nyumbani au gereji uwe na bisibisi ya nyota na ya bapa, bisibisi ya T15 na T20 kwa mashine zenye skrubu za nyota ya ncha sita, plaizi ya kukatia, plaizi ya kubania feruli, kisu kikali, maltimita (mita ya kupimia umeme) na simu yenye kamera.

Kufungua mpini

Futa mashine kwanza. Vumbi la polishi likiingia kwenye swichi linakuletea ugonjwa mpya. Ilaze kwenye kitambaa, fungua skrubu za mpini, na kila skrubu iweke kwenye kopo kwa mpangilio uliotoka, maana urefu wake haulingani. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ukuta wa plastiki na kugusa waya.

Mpini ukikataa kufunguka usiulazimishe kwa bisibisi ya bapa. Tafuta skrubu iliyojificha chini ya kibandiko au chini ya mshikio wa pembeni. Ukifunguka, nyanyua ganda la juu polepole, kwa sababu springi ya swichi au ya kaboni inaweza kuruka.

Kabla mkono haujagusa waya, piga picha. Moja ya jumla, moja ya swichi kwa karibu, moja ya kibanio cha kebo, na moja inayoonyesha waya kila mmoja unapita wapi. Njia ya waya ndani ya mpini ina maana yake: watengenezaji huacha vijifereji vidogo vya plastiki ili nyaya zikae mbali na feni na mota.

Sasa pima. Hapa kuna mtego uliowapoteza wengi. Ukiweka maltimita kwenye pini mbili za plagi na kubonyeza swichi, mashine ya zamani isiyo na kidhibiti mwendo itasoma omu chache au makumi kidogo, na utasema kebo nzima. Mashine yenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki inaweza isisome kitu kabisa hata ikiwa nzima, kwa sababu kidhibiti hakifungui njia kwa volti ndogo ya betri ya mita. Ndiyo maana kebo hupimwa waya kwa waya: mguu mmoja wa mita kwenye pini ya plagi, mwingine kwenye skrubu ambapo waya huohuo unaishia ndani ya mpini. Weka mita kwenye alama ya mlio. Iache ilie huku mwenzako akiikunja kebo taratibu kuanzia shingoni hadi kwenye plagi. Mlio ukikatakata mahali fulani, umepapata. Rudia kwa waya wa pili, kwa sababu nyaya zote mbili zimekunjwa sawa. Ukikuta mmoja umekatika, wa pili nao hauna muda mrefu.

Kukata au kubadilisha

Kama palipokatika ni shingoni na kebo iliyobaki bado ni laini, haina mipasuko, na ina urefu wa kutosha, kata sentimita 10 kupita alama, kuelekea upande wa plagi. Chubua, angalia shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata sentimita 10 nyingine. Endelea mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ukipoteza nusu mita na bado ukijani unakufuata, acha, hiyo kebo imekwisha yote, weka mpya.

Kama imekatika katikati, badilisha. Kuunga katikati kunaleta fundo gumu linalokwaruza rangi ya gari ya mteja, na tepu kwenye joto la Dar inalegea gundi na kuteleza ndani ya wiki chache. Maji ya kuoshea yakifika hapo, mteja wako na kijana wako wote wako kwenye hatari moja.

Inafaa uichane ile shingo uliyoikata, kwa urefu, uone. Utakuta nyuzi zimekatika kwa urefu tofauti, ncha zake zina vidoto vyeusi vya kuyeyuka, na plastiki ya ndani imekuwa na rangi ya chai. Waonyeshe vijana wanaotumia mashine. Ukiwaonyesha hicho kipande wataelewa haraka kwa nini mashine haibebwi kwa kushika kebo.

Kufunga kebo mpya

Vitu viwili vinatangulia kuliko vyote: mpira wa shingoni uingie kwenye kebo kwanza, na uelekee upande wake sahihi. Ukisahau, utafunga kila kitu halafu ufungue kila kitu.

Ondoa ganda la nje kwa urefu uleule wa kebo ya zamani, mara nyingi sentimita 3 hadi 5. Zungusha kisu kwa wepesi bila kukandamiza, kisha ikunje kebo, ganda lenyewe litafunguka pale ulipochora. Kisu kikigusa plastiki ya waya wa ndani na kuacha mkwaruzo, kata uanze upya. Kisha chubua kila waya milimita 6 hadi 8. Hesabu kwa macho kama kuna nyuzi zilizokatika na kisu. Moja ikikatika si msiba, tano zikikatika umeanza safari na ugonjwa ule ule.

Sokota nyuzi, zivike feruli, uibane kwa plaizi yake. Watu wengi hapa hupenda kuyeyushia risasi kwenye ncha ndipo waifunge kwa skrubu. Inapendeza macho, lakini risasi ni laini: chini ya skrubu inabonyea pole pole, skrubu inalegea, joto linaanza. Kwenye skrubu tumia feruli, au kama huna, sokota nyuzi na uzikunje mara mbili. Swichi nyingine hazina skrubu, waya unasukumizwa ndani na kushikwa na kibati chenye springi. Kuutoa wa zamani, ingiza pini nyembamba pembeni ya waya ili kibati kiachie. Usivute kwa nguvu, swichi itavunjika na sasa utakuwa na kazi mbili.

Rudisha kila waya mahali pake kwa kufuata picha, si kwa kumbukumbu. Kaza skrubu mpaka ishike sawasawa, halafu vuta kila waya mmoja mmoja. Ukitoka, haukuwa umefungwa. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja unaochungulia nje, kwa sababu uzi mmoja ukigusa skrubu ya jirani ni shoti.

Kibanio

Hapa ndipo ukarabati unaposimama au kuanguka. Ndani ya mpini, mara tu kebo inapoingia, kuna kibati au kipande cha plastiki chenye skrubu mbili. Kazi yake ni kubeba mvuto wote wa kebo ili skrubu za swichi zisibebe hata kidogo. Kibanio kishike ganda la nje. Kikishika nyaya za ndani peke yake kitazikata, na kisiposhika kitu, kila mtu atakayekanyaga kebo atakuwa anavuta swichi.

Ganda la nje liingie ndani kupita kibanio kwa karibu sentimita moja. Kaza skrubu zote mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka ganda libonyee kidogo bila kukatwa. Kebo mpya ikiwa nyembamba kuliko ya zamani, kibanio hakitashika. Usijaze kwa tepu. Vika kipande cha ganda la mpira ulilolichubua kwenye kebo nene zaidi, au rudi dukani. Kisha shika mashine kwa mkono mmoja na kebo kwa mwingine, uvute kwa nguvu ya mtu mzima, uizungushe pia. Kebo isisogee hata milimita moja. Ikisogea, hujamaliza.

Mpira wa shingoni ukae kwenye kitako chake cha mpini na uifunike kebo kwa nje. Huo ndio unaoifanya kebo ipinde kwa duara kubwa badala ya kuvunjika kwa pembe. Mashine nyingi zimekufa mara ya pili kwa sababu mpira ulitupwa kwa kuwa "ulikuwa umechoka".

Ukiwa bado umefungua, tazama kaboni. Watengenezaji wengi huweka mstari wa kikomo juu yake. Zikikaribia mstari, badilisha zote mbili kwa pamoja. Panga nyaya kwenye vijifereji vyake, funika, na kabla ya kukaza skrubu zungusha kitako cha sahani kwa mkono. Kizunguke bila kukwaruza. Skrubu za mpini zikaze kwa kukatiza, na ukiona ufa haujafungana usikaze zaidi. Kuna waya umebanwa, fungua utazame.

Plagi

Mashine nyingi zinazouzwa mjini huja na plagi ya pini mbili za duara. Kila mtu anaijua mbinu yake: unachomeka kalamu kwenye tundu la ethi, vifuniko vya ndani vinafunguka, unasukuma pini mbili. Inawaka. Lakini soketi zetu zilitengenezwa kwa pini za bapa, kwa hiyo pini za duara zinagusa kwa upande mdogo tu, zinapata moto, na plagi hiyo haina fyuzi. Ikate. Weka plagi ya pini tatu.

Laivu iende kwenye pini yenye fyuzi, nyutro kwenye pini ya pili, na ethi, kama ipo, kwenye ile ndefu. Mashine ya nyaya mbili huiacha ile ndefu bila waya. Kibanio cha plagi nacho kishike ganda la nje. Kwa mashine ya chini ya wati 700 weka fyuzi ya ampea 3, zaidi ya hapo weka ya 13, ambayo ndiyo huja na plagi nyingi. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni mwaliko wa moto.

Kupima, halafu kuwasha

Plagi ikiwa bado nje, weka maltimita kwenye kipimo kikubwa cha omu, megaomu 20 kama ipo, na ubonyeze swichi ya mashine iwe kwenye hali ya kuwaka. Mguu mmoja kwenye pini ya laivu, mwingine kwenye chuma cha kichwa cha mashine. Mita isisome chochote. Rudia kwa nyutro. Ikisoma namba, kuna mahali umeme unaelekea kwenye chuma: fungua. Kwa mashine ya ethi, pima kutoka pini ndefu mpaka kwenye mwili: isome chini ya omu moja. Gereji yenye mashine nyingi ifanye urafiki na fundi mwenye mega ya volti 500, kile kipimo cha kuona kama umeme unavuja. Kwa kipimo hicho mashine iliyokingwa mara mbili itoe megaomu 2 au zaidi, na yenye ethi 1 au zaidi.

Mara ya kwanza kuwasha, toa pedi. Vaa viatu vya mpira, simama pakavu, mwendo uwe namba ya chini kabisa, mashine uishike kwa mikono miwili. Chomeka kwenye soketi inayolindwa na RCD ya miliampea 30, ile breka yenye kitufe cha majaribio, kama ipo. Na kama haipo sehemu ya kuoshea magari, iweke kabla ya kununua mashine nyingine. Iache izunguke dakika tano huku ukiigeuza mkono kama unavyofanya kazini. Zima, chomoa, shika plagi na shingo. Uvuguvugu kidogo ni sawa. Kama huwezi kuishikilia kwa joto, kuna skrubu imelegea.

Kazini kebo ipite begani na kushuka mgongoni, isiburuzwe juu ya rangi wala kukanyagwa. Maungio ya ekstensheni yaning'inizwe juu ya usawa wa maji, hasa masika, na ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote kabla ya kuwasha, kwa sababu ikibaki imejikunja inajichemsha yenyewe. Jioni kebo ikunjwe kwa duara kubwa, isizungushwe kwa kukazwa kwenye mpini, na shingo iachwe legevu.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi, chomoa plagi, fungua kifuniko chake na ukaze skrubu tena. Nyuzi mpya hutulia chini ya skrubu, na robo ya mzunguko mara nyingi hupatikana. Vuta kebo pale shingoni kama ulivyoivuta siku ya kwanza.